Mpako, pedi, gundi au nta: betri ya pikipiki ya umeme Kisumu ipozwe na nini?

Pikipiki za umeme zimeenea Kisumu kiasi kwamba fundi aliyekuwa akisafisha kabureta pale Kibuye siku hizi anaulizwa habari za seli na chaja. Na betri hazikuja peke yake. Limekuja pia kopo dogo la mpako, limeandikwa keramiki au grafini, na muuzaji anaapa kwamba ukiupaka ndani ya boksi betri haitachemka tena. Kopo lenyewe ni ghali. Kwa pesa hiyohiyo unapata pedi za silikoni za kupitisha joto za betri nzima, na chenji inayobaki inatosha rangi.

Msimamo wangu nautaja mapema ili asiye na muda asisome bure: kwa betri nyingi zinazofunguliwa huku kwetu, mpako unapaswa kuwa matumizi yako ya tatu au ya nne, na mara nyingine usiwepo kabisa. Ipo sehemu moja ambapo unashinda vyote, na sehemu nyingine ambapo rangi nyeupe ya kawaida kutoka duka la vifaa vya ujenzi inalishinda kopo la grafini.

Jambo moja la kuondoa njiani. Kama betri yako ni ya kubadilishana kituoni, si yako. Usiifungue, usiipake kitu. Ulinganisho huu ni wa fundi anayejenga au kukarabati betri, mmiliki aliyenunua pikipiki pamoja na betri yake, na chama cha wanaboda kinachotaka kujua kimuulize nini muuzaji kabla ya kulipia pikipiki kumi kwa mpigo. Betri ya volti 72 ikijaa hufika volti 84, na ikichomeka spana kati ya ncha zake hutoa cheche ya kuyeyusha chuma. Asiyejua kazi hiyo amwachie anayeijua.

Joto linazaliwaje

Kila seli ina ukinzani wake wa ndani, na mkondo ukipita humo unaacha joto. Ubaya ni kwamba joto haliongezeki kwa kipimo kilekile cha mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne.

Tuchukue betri ya seli 240 za aina ya 18650, zile za mviringo, zilizopangwa safu 20 na kila safu seli 12, kila seli ikiwa na ukinzani wa miliomu 30. Ukiwa kwenye tambarare, unatoka Kondele kuelekea mjini bila haraka, unavuta labda ampea 40. Kila seli inabeba ampea 3.3 na kutoa theluthi moja ya wati. Betri nzima ni wati 80, sawa na balbu moja ya kizamani. Sasa geuza, beba abiria wawili na gunia, panda kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa. Kidhibiti cha mota kikiruhusu ampea 80, betri inatoa wati 320.

Seli hizo zina uzito wa kilo 11 na nusu hivi. Kuzipandisha nyuzi 1 kunahitaji takriban kilojuli 11. Kwa hiyo dakika 10 za kupanda kwa nguvu hiyo, joto lisipopata pa kutokea, zinaongeza nyuzi 17 hivi. Kama ulianza na nyuzi 32, jambo la kawaida Kisumu mchana, unafika juu ukiwa na karibu 49. Seli nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, na bodi ya ulinzi ndani ya betri inalijua hilo. Ndiyo maana utasikia pale juu: "Omera, betri imekataa chaji." Chaja haina kosa na betri haijafa. Inasubiri ipoe.

Kuna hasara isiyoonekana siku hiyo pia. Kanuni ya mkono wanayotumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada huongeza kasi ya kuzeeka kwa seli mara mbili hivi. Betri inayoishi kwenye nyuzi 45 na ile inayoishi kwenye 35 hazitazeeka pamoja hata zikinunuliwa siku moja.

Linakwama wapi

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, na ndipo wauzaji wa mipako wanapopapita haraka. Kipande chochote cha njia ya joto kina mambo mawili: unene wake, na uwezo wa kitu hicho kupitisha joto. Jedwali hili linachukua eneo la sentimita 10 kwa 10, wati 10 zikipita, na kuonyesha nyuzi ngapi zinapotea katikati. Ni hesabu ya upitishaji pekee.

| Kilicho katikati | Unene | Nyuzi zinazopotea |
|---|---|---|
| Hewa iliyotulia | milimita 1 | 38 |
| Ukuta wa boksi la plastiki | milimita 3 | 15 |
| Pedi ya silikoni ya daraja la 3 | milimita 2 | 0.7 |
| Rangi ya kawaida | milimita 0.1 | 0.5 |
| Mpako wa keramiki wa daraja la 1 | milimita 0.1 | 0.1 |
| Grisi ya joto ya daraja la 3 | milimita 0.1 | 0.03 |
| Ukuta wa alumini | milimita 3 | 0.02 |

Daraja ninalotaja ni ile namba inayoandikwa kwenye pakiti, wati kwa mita kwa kelvini. Hewa ina 0.026 tu, plastiki na rangi zina 0.2 hivi, alumini ya mabamba ina zaidi ya 150.

Angalia jedwali tena. Mpako umeishinda rangi kwa nusu ya nyuzi, hata haifiki. Pedi, ambayo ni nene mara ishirini, imepoteza chini ya nyuzi 1. Lakini milimita moja ya hewa imekula 38, na boksi la plastiki 15. Mwenye betri iliyo ndani ya boksi la plastiki, seli zikining'inia kwenye vishikio vyake na hewa kila upande, akinunua mpako wa keramiki amenunua sehemu ya kumi ya nyuzi kwenye njia iliyokwisha kupoteza hamsini.

Mpako wenyewe, kwa karibu

Tusiuonee. Mpako una kazi yake, ila kwanza ujue ni upi, maana neno hilohilo limeandikwa kwenye makopo ya vitu tofauti.

Wa kwanza ni wa keramiki: utomvu wa epoksi, silikoni au polyurethane uliochanganywa na unga wa alumina au boroni nitridi. Alumina peke yake ina daraja la 30 hivi. Boroni nitridi ni nzuri zaidi, ila chembe zake ni bapa na hupitisha joto vizuri kwa ubapa wake kuliko kwa unene. Ukishauchanganya unga huo na utomvu wenye 0.2, kilichomo kopo kinashuka hadi 1, 2, mara chache 3. Muuzaji akikutajia mia tatu, anakutajia chembe, hakutajii mpako. Sifa kubwa ya aina hii ni kwamba haipitishi umeme.

Wa pili ni wa kaboni: grafiti, grafini, au vyote viwili. Huu hupitisha joto, na hupitisha umeme. Kwenye seli ya mviringo kama 18650, kopo lote la chuma ni hasi, na chanya iko juu, milimita chache tu kutoka ukingo wa hilo kopo. Kinachozitenganisha ni ngozi nyembamba ya plastiki na kiduara cha karatasi ya kuhami. Brashi iliyoteleza na mpako wa grafiti hapo ni shoti unayojipakia mwenyewe, na moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo ya mchanga. Kwa maoni yangu mpako wa kaboni hauna kazi yoyote ndani ya boksi la betri huku kwetu.

Wa tatu una nikeli au fedha ndani yake, na kazi yake ni kuzuia mawimbi ya umeme yasiingiliane na vifaa vya elektroniki. Huo nao huuzwa kama mpako wa kupitisha. Unapitisha umeme, na hivyo ndivyo ulivyokusudiwa. Usiuguse kwa kazi hii.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei. Ni hili: unapitisha joto, umeme, au vyote? Asiyejua jibu asikuuzie. La pili, namba ya daraja ilipimwa kwa unene gani na kwa kipimo kipi. Kipimo kinachojulikana kimataifa kwa kazi hii ni ASTM D5470. La tatu, ukishika moto unafanyaje. Alama ya V-0 ya kipimo cha UL 94 inamaanisha unajizima haraka ukiondolewa mwali.

Mpako wa keramiki unashinda wapi basi? Kwenye seli bapa. Seli za mraba za fosfeti ya chuma, zile za kopo la alumini zinazopangwa kama vitabu kwenye rafu, zina kitako kipana kilichonyooka. Ukikikalisha juu ya bamba la alumini lililosawazishwa vizuri, unahitaji kitu chembamba cha kuhami umeme bila kuzuia joto. Viwandani kazi hiyo ilikuwa ya filamu ya plastiki iliyozungushiwa seli, na sasa baadhi yao wanapulizia mpako unaogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Hapo pedi ya milimita 2 ni nene bila sababu na inakula nafasi. Mpako wa sehemu ya kumi ya milimita, pamoja na grisi kidogo, ndio jibu.

Kuupaka nako ni kazi. Alumini isuguliwe kwa msasa mpaka mng'ao wa mafuta uondoke, ifutwe kwa spiriti, isiguswe tena kwa kidole. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, ya pili ikipakwa kuvuka mwelekeo wa ile ya kwanza, kwa sababu tatizo la mpako ni vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano ambavyo jicho halivioni. Ukimaliza, usiamini macho. Kipimo cha uhami cha volti 500 kiwekwe kati ya bamba na foili iliyokandamizwa juu ya mpako. Ukipata kitundu kwenye karakana umepata bahati, kuliko kikipatikana njiani kwenda Ahero mvua ikinyesha. Boroni nitridi haitakusaidia lolote kama umepaka siku ya unyevu wa ziwani na mpako haukukauka chini.

Nje ya boksi, rangi nyeupe

Joto likishafika kwenye ukuta wa nje lazima liingie hewani, na hapa kuna jambo linalowashangaza hata mafundi wazoefu. Alumini tupu inayong'aa karibu haitoi joto kwa mnururisho. Inatoa chini ya sehemu ya kumi ya inachoweza. Ipake rangi yoyote, nyeupe au nyeusi, itafika tisa ya kumi. Mabati mapya ya nyumba huunguza mkono saa sita mchana kwa sababu hiyohiyo: yanapokea joto la jua na kulitoa kwa uchoyo.

Tuseme betri yetu ya seli 240 inachajiwa kwa ampea 20. Inatoa wati 20. Boksi la alumini lenye eneo la nje la mita za mraba 0.4, hewa ikiwa imetulia, litapanda nyuzi 9 juu ya hewa likiwa tupu, na nyuzi 4 na nusu likiwa limepakwa rangi. Ukianza kukimbia barabarani upepo unachukua kazi yote na tofauti inakuwa ndogo mno, nyuzi 1 hivi hata kwa wati 80. Maana yake rangi inafanya kazi pikipiki ikiwa imesimama, na pikipiki ya boda husimama sana.

Na imesimama wapi? Juani. Ikweta inapita Maseno, kwa hiyo jua la adhuhuri hapa humwaga hadi wati 1,000 hivi kwa mita ya mraba. Kifuniko cha sentimita 30 kwa 20 kilichopakwa nyeusi kinameza wati 57. Hizo ni wati nyingi karibu kama zinazozaliwa ukiendesha, na wewe umekaa kivulini unakunywa soda. Kikiwa cheupe kinameza wati 15. Kopo la grafini, kwa asili yake, ni jeusi. Kwa hiyo kwa boksi la nje la pikipiki ya Kisumu, rangi nyeupe ya mafuta au rangi ya poda iliyookwa inaushinda mpako wa bei mara kumi, na sihitaji kuzunguka kulisema hilo. Wanaopinga huniambia nyeupe inachafuka. Ni kweli, lakini wengi huosha pikipiki ziwani mara kwa mara, na kuosha ni nafuu kuliko betri. Ila wasilenge kifuniko kwa mpira wenye presha.

Nakuru mambo yanabadilika kidogo. Uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari dhidi ya 1,131 za Kisumu, usiku ni wa baridi, na betri huanza siku ikiwa na akiba kubwa ya nyuzi. Hewa ya juu ni nyepesi na hubeba joto kidogo, ila ubaridi wake unafidia na zaidi. Mtu wa Eldoret au Kericho anaweza kuishi na boksi ambalo lingemsumbua mtu wa Ahero.

Pedi

Pedi ya silikoni ndiyo ningeipa pesa ya kwanza. Haitaki ustadi. Unaikata kwa kisu, unaiweka kati ya kishikio cha seli na ukuta wa alumini, unakaza skrubu mpaka ibonyee kama robo ya unene wake. Kazi yake ni kuifukuza hewa, na umeona kwenye jedwali hewa inakula nini. Inavumilia nyuso zisizonyooka, inavumilia mtetemo wa barabara ya marram, inahami umeme, na betri ikirudi kukarabatiwa inabanduka bila vita.

Ubaya wake: pedi za bei ya chini huandikwa daraja la 6 ilhali mkononi ni la 2. Haijalishi sana, kwa unene wa milimita 2 tofauti ya daraja la 2 na la 6 haifiki nyuzi 1 kwenye mfano wetu. Nunua ya 3 kutoka kwa mtu unayeweza kumrudia. Kinachojalisha ni unene sahihi. Pedi ya milimita 1 kwenye mwanya wa milimita 2 ni pesa iliyotupwa, maana haigusi upande wa pili.

Grisi, ile ya kompyuta, ni nzuri kwa namba na mbaya kwa pikipiki. Mtetemo, na kupanuka na kusinyaa kwa kila safari, huisukuma itoke pembeni kidogokidogo. Iache kwa kidhibiti cha mota, au iwe tone jembamba chini ya seli bapa zilizokazwa vizuri.

Gundi ya kujaza

Hii ni ya chupa mbili zinazochanganywa, humiminwa kati ya seli na kuganda kama mpira. Hupitisha joto kwa daraja la 1 hadi 4, hushikilia seli zisitetemeke, huzuia maji. Kwa mtengenezaji wa betri mpya nyingi zinazofanana, ni chaguo la kuheshimika.

Kwa fundi wa Kibuye ni mtego. Seli moja ikifa, huwezi kuitoa bila kuharibu jirani zake. Tena kuna ubishi mzito zaidi: kitu kinachopitisha joto vizuri kati ya seli na seli hugawa joto la kawaida sawasawa, jambo jema, lakini seli moja ikiharibika na kuanza kujichoma yenyewe, hupeleka joto hilohilo kwa majirani. Kuanzia nyuzi 80 hadi 120 tabaka la kinga ndani ya seli huanza kuvunjika, na karibu na 130 kitenganishi cha polyethylene huyeyuka. Watengenezaji wakubwa hutenganisha kazi: kipitisha joto kuelekea bamba la chini, kihami joto kama maika kati ya seli na seli. Ukimimina gundi kila pahali umefuta tofauti hiyo.

Nta na karatasi ya grafiti

Nta ya parafini inayoyeyuka kwenye nyuzi 40 na kitu inavutia zaidi kuliko inavyojulikana. Kilo moja ikiyeyuka humeza takriban kilojuli 200 bila joto kupanda. Rudi kwenye mlima wetu: wati 320 kwa dakika 10 ni kilojuli 192. Kilo moja ya nta ingebeba karibu joto lote la Kiboswa. Kisha ukishuka, inaganda tena na kulitoa polepole. Kwa anayepanda mlima mmoja mkali na kupumzika, hakuna kinachoishinda.

Lakini nta tupu hupitisha joto kama plastiki, lazima ichanganywe na grafiti iliyotanuliwa, na hapo umerudi kwenye tatizo la umeme. Inawaka. Ikishayeyuka yote, imekwisha: anayepiga safari mfululizo kutwa nzima hapati kitu isipokuwa kilo moja ya mzigo. Naiona kama kitu cha kununua ikiwa imeshafungwa kiwandani, si cha kupikia uani.

Karatasi ya grafiti hutawanya joto kwa upande, mamia ya daraja, ila kwa unene wake ni dhaifu. Inafaa seli bapa laini za mfuko, na kingo zake lazima zifungwe kwa tepu ya polyimide kwa sababu inapitisha umeme na humomonyoka. Fundi asiye na seli za mfuko asijisumbue.

Mpako ambao huwezi kuupaka

Wanaouza makopo hawautaji mpako uliofanya kazi kubwa kuliko yote, maana uko ndani ya seli. Fosfeti ya chuma na lithiamu, ambayo kundi la John Goodenough wa Chuo Kikuu cha Texas liliichapisha mwaka 1997, ilikuwa na kasoro: unga wake haupitishi umeme vizuri. Dawa ilikuwa kuvika kila chembe ngozi nyembamba ya kaboni. Ukinzani ukashuka, na ukinzani ukishuka joto linalozaliwa hupungua, kwa hiyo kinachobaki cha kutoa ni kidogo. Goodenough alipata Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi yake ya betri za lithiamu, pamoja na Whittingham na Yoshino.

Kwa hiyo ukilinganisha betri mbili dukani, usiulize kwanza imepakwa nini nje. Uliza ukinzani wa ndani wa seli, miliomu ngapi, na kemia yake. Seli za miliomu 20 badala ya 30 zinakupunguzia theluthi ya joto lote, na hakuna kopo la mpako linalofika hapo. Fosfeti ya chuma ni nzito kuliko ile ya nikeli na kobalti kwa nishati ileile, ila huvumilia joto kubwa zaidi kabla ya kujichoma. Kwa boda boda wa Kisumu ningeubeba uzito huo.

Na kuna somo la magari. Nissan Leaf za mwanzo, ambazo leo zinaingia Kenya zikiwa mitumba kutoka Japani, hazina upozaji wa maji kwenye betri. Joto hutoka lenyewe kupitia ukuta wa boksi. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jangwani, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zikipungua nguvu haraka. Kampuni ilibadilisha kemia ya seli baadaye. Anayenunua Leaf ya zamani ya kutumia Kisumu aangalie mistari ya afya ya betri kwenye dashibodi kwanza, na asiuziwe mpako wa chini ya gari.

Pima kabla ya kununua

Bodi nyingi za ulinzi siku hizi huonyesha joto la seli kwenye simu kwa bluetooth. Unahitaji namba nyingine mbili: joto la ukuta wa nje wa boksi, na la hewa kivulini. Bunduki ya kupimia joto itakudanganya kwenye alumini tupu, itasoma chini kwa sababu ya mng'ao. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye ukuta na upime tepu.

Panda mlima wako wa kila siku na mzigo wako wa kila siku, simama, pima mara moja.

Seli zikiwa nyuzi 10 au zaidi juu ya ukuta, tatizo liko ndani. Kuna hewa katikati au boksi ni la plastiki. Pesa iende kwenye bamba au boksi la alumini na pedi. Mpako hautafanya lolote.

Seli na ukuta zikikaribiana, lakini zote ziko juu sana kuliko hewa, ndani kuko sawa na tatizo liko nje: rangi nyeupe, boksi lisogezwe linapopigwa na upepo, mzigo wa nguo na mahindi usilalie kifuniko.

Seli zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, moja ya katikati ikiwa juu ya wenzake kwa nyuzi 5 au 6, angalia kwanza utepe wa nikeli uliochomelewa vibaya kabla ya kufikiria upozaji. Na kama seli ni bapa, umeshaondoa hewa, bamba limenyooka, na kilichobaki katikati ni filamu ya plastiki iliyokunjamana, hapo sasa nunua kopo la boroni nitridi, lile lisilopitisha umeme, na uulize kama duka lina kipimo cha uhami cha kukuazima.